Kubadili meja na kuchukua shahada mbili Marekani: kagua haya kabla ya kujaza fomu

Anayetoka Tanzania au Kenya kwenda kusoma shahada ya kwanza Marekani hukutana na uhuru asiouzoea. Nyumbani mtu hudahiliwa moja kwa moja kwenye programu. Ameandikiwa Uhasibu, atasoma Uhasibu, na akitaka kuhama ana muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, tena kama nafasi ipo na alama zinaruhusu. Marekani vyuo vingi humpokea mwanafunzi akiwa hana meja (fani kuu ya shahada) yoyote na kumwachia hadi mwisho wa mwaka wa pili aamue. Akishaamua anaweza kubadili, kuongeza ya pili, au kuchukua shahada mbili kwa mpigo.

Fomu ya kufanya hayo yote hujazwa kwa dakika tano, na wengi huanzia hapo. Hilo ndilo kosa. Kitakachoamua kama utamaliza kwa miaka minne au sita hakimo kwenye fomu: ni mnyororo wa masomo ya meja unayoitaka, wastani wako wa alama (GPA), na tarehe ya mwisho wa programu iliyochapwa kwenye I-20 yako (hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya masomo). Mwenye grini kadi au aliyepokelewa kama mkimbizi hana I-20, lakini ana saa nyingine inayomhesabia: ukomo wa misaada ya fedha ya serikali.

Krediti 120 na mahali zinapokwenda

Shahada ya kawaida ya miaka minne ina krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Somo moja huwa na krediti 3, lenye maabara mara nyingi 4. Krediti 15 kila semesta kwa semesta nane zinakufikisha 120 kamili, bila semesta ya ziada ya kuharibu. Vyuo vinavyotumia kota (mihula mifupi zaidi) badala ya semesta, kama University of Washington, huhesabu 180.

Katika hizo 120, sehemu moja, mara nyingi karibu 40, huenda kwenye masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi husoma: uandishi, hesabu, sayansi, jamii, sanaa. Meja huchukua 30 hadi 50. Zinazobaki ni za hiari, na hizo ndizo akiba yako siku utakayotaka kuhama. Mwanafunzi wa historia anaweza kuwa na krediti 30 au zaidi za hiari. Wa uhandisi hana karibu kitu, kwa sababu meja yake imemeza nafasi yote. Ndiyo maana kutoka uhandisi kwenda uchumi ni kazi ya mchana mmoja, na kutoka uchumi kwenda uhandisi inaweza kula miaka miwili.

Kama ulifanya A-Level ya Cambridge, usikubali ianguke hivihivi. Vyuo vingi hutoa krediti kwa masomo uliyofaulu vizuri, na baadhi hukubali pia cheti cha kidato cha sita. Peleka matokeo yako pamoja na muhtasari wa masomo kwa ofisi ya udahili katika semesta ya kwanza. Krediti 8 za kemia au 4 za hesabu ni nafasi utakayoihitaji baadaye, na kudai mapema ni rahisi kuliko kudai ukiwa mwaka wa tatu.

Milango iliyo wazi na iliyofungwa

Kabla ya kupenda meja, jua mlango wake ukoje. Aina ya kwanza iko wazi: unakwenda idarani, unasaini, umeingia. Sosholojia, historia, falsafa na lugha nyingi huwa hivyo. Aina ya pili ina masharti yanayojulikana, tuseme masomo matatu fulani yenye alama C au zaidi na GPA ya 2.5. Ukiyatimiza, umeingia.

Aina ya tatu ndiyo inayoumiza watu. Nafasi zina ukomo, kwa hiyo hata mwenye sifa zote anashindanishwa. Sayansi ya kompyuta, uuguzi, uhandisi na biashara ziko hapa katika vyuo vingi vikubwa vya umma. University of Washington, kwa mfano, huchukua wanafunzi wake wengi wa sayansi ya kompyuta moja kwa moja wakati wa udahili, na aliyeingia chuoni kwa njia nyingine hana uhakika wowote. Kuingia chuo chenye jina kwa meja nyepesi, ukitegemea kupenya kwenye kompyuta baadaye, ni mpango tusioushauri kabisa. Ukikosa, utabaki na machaguo mawili: meja usiyoitaka au kuhama chuo kizima.

Uuguzi una utaratibu wake. Hata ukiwa umeandikwa kama mwanafunzi wa awali wa uuguzi, bado hujaingia. Lazima umalize anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia na takwimu. Programu nyingi hudai pia TEAS, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi. Kisha unaomba nafasi kwenye kundi linaloanza pamoja. Kundi likijaa unasubiri lijalo, na hapo huwezi kusogeza kitu hata ukimlilia nani.

Neno kwa wale ambao mzee nyumbani anataka daktari au mwanasheria: Marekani hakuna meja ya udaktari wala ya sheria kwa maana tunayoijua sisi. Zote mbili husomwa baada ya shahada ya kwanza, udaktari miaka minne zaidi, sheria mitatu. Unaposikia mtu yuko "pre-med", ujue ni orodha ya masomo (biolojia, kemia, kemia ya kaboni, fizikia) anayosoma huku meja yake ikiwa kitu kingine, hata muziki. Na mueleze mzee mapema kwamba shule nyingi za tiba za huko hazipokei kabisa waombaji wasio raia au wasio na grini kadi.

Kutangaza meja

Vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe ametangaza meja kabla ya kuvuka krediti 60. Ukipitiliza, mfumo hukuwekea kizuizi na hutaweza kusajili masomo ya semesta inayofuata. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Fungua katalogi ya chuo (orodha rasmi ya masomo na masharti yake) mtandaoni, chagua mwaka ulioingia, soma masharti ya meja neno kwa neno. Usimwachie kaka wa mwaka wa nne kwenye kundi la WhatsApp akueleze. Yeye yuko chini ya katalogi ya mwaka mwingine, na masharti yake yanaweza kuwa tofauti na yako.
2. Endesha ripoti ya ukaguzi wa shahada kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Vyuo vingi vinatumia Degree Works au uAchieve.
3. Weka miadi na mshauri wa masomo wa idara unayotaka kuingia, si wa ile uliyopo.
4. Jaza fomu, saini zikamilike, kisha baada ya wiki mbili rudi kwenye akaunti uone kama meja mpya imeandikwa. Fomu iliyokwama kwa mtu mmoja ni jambo la kawaida sana.

Katika hatua ya pili kuna kitufe ambacho wengi hawakijui, kwa kawaida kimeandikwa What-If. Unachagua meja usiyo nayo, na mfumo unakupanga upya kana kwamba umeshahamia. Masomo yanayoingia yanaonekana yametimia, yasiyoingia yanatupwa chini kwenye krediti za hiari au zisizotumika. Soma hiyo sehemu ya chini kwanza. Mtu anaweza kuwa na krediti 75 kwenye transkripti na 48 tu zikawa na kazi kwenye meja mpya. Chapa ripoti hiyo, nenda nayo kwa mshauri. Mazungumzo yatakuwa mafupi na yenye maana.

Kubadili: hesabu mnyororo, si krediti

Wanafunzi hujihesabia krediti zilizobaki, wanagawa kwa 15, wanapata semesta. Hesabu hiyo hudanganya kwa sababu masomo hayasomwi kwa mpangilio wowote unaotaka. Kila moja lina somo tangulizi.

Chukua mwanafunzi aliyemaliza krediti 60 za sosholojia na sasa anataka uhandisi wa mitambo, hajawahi kusoma kalkulasi. Semesta ya kwanza anaanza Kalkulasi I. Bila hiyo hawezi kuchukua fizikia ya kalkulasi, au anaichukua sambamba kama chuo kinaruhusu. Semesta ya pili Kalkulasi II, na akiwa ameshapata fizikia ya kwanza anaingia statiki. Ya tatu Kalkulasi III na dainamiki. Ya nne milinganyo tofautishi na themodinamiki. Ya tano mekanika ya viowevu. Ya sita uhamishaji joto. Mradi wa mwisho wa usanifu mara nyingi ni wa semesta mbili, na huanza baada ya sehemu kubwa ya haya kukamilika. Jumla ni semesta sita hadi saba, hata kama alikuwa na krediti 60 mfukoni. Hapo bado hatujagusa masomo yanayofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa la Septemba, unalisubiri Septemba nyingine.

Kwa hiyo chora mnyororo kwenye karatasi. Anza na somo la mwisho la meja, rudi nyuma hadi somo unaloweza kusajili leo, hesabu hatua. Idadi ya hatua ndiyo idadi ya chini ya semesta zako. Ukitaka kuupunguza, sehemu pekee yenye nafasi ni majira ya joto: Kalkulasi II kwenye chuo cha jamii (community college) kilicho jirani ni nafuu kwa bei na inakuokolea semesta nzima. Lakini pata kibali cha maandishi kutoka chuo chako kwamba somo hilo litakubalika, kabla ya kulipa. Na ujue kwamba katika vyuo vingi krediti huhamia lakini alama haiingii kwenye GPA, kwa hiyo A ya chuo cha jamii haitakuinua wastani.

GPA nayo ina ukaidi wake. Tuseme una krediti 45 na wastani wa 2.7, na idara ya biashara inataka 3.0. Alama zako ni 45 mara 2.7, yaani pointi 121.5. Ukipata A tupu (4.0), utahitaji krediti 13.5 kufika 3.0, kwa vitendo masomo matano: pointi 181.5 kwa krediti 60, wastani 3.025. Semesta moja ya A zote, inawezekana. Ukipata B+ (3.3), hesabu hiyohiyo inadai krediti 45 zaidi, yaani mwaka mzima na nusu, na wakati huo mlango umeshafungwa. Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla ya kuweka matumaini. Ikikataa, uliza kama idara inaangalia GPA yote au ya masomo tangulizi peke yake. Hapo wengi hupata pa kupenyea.

Mitego mingine ya mara kwa mara: alama D inakupa krediti lakini haitimizi somo tangulizi, idara nyingi hutaka C. Somo ulilochukua kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila herufi mara nyingi halikubaliwi ndani ya meja. Na kubadili meja kunaweza kukuhamishia kwenye katalogi ya mwaka huu, ambayo imeongeza somo moja au mawili ambayo wenzako waliotangulia hawakuyasoma. Uliza swali hilo kwa maneno haya haya: "Nitakuwa chini ya katalogi ya mwaka gani?"

Ukiwa na viza ya F-1

Viza yenyewe iliyobandikwa kwenye pasipoti haibadiliki unapobadili meja. Kinachobadilika ni I-20. Nenda kwa DSO, yule ofisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mwenye mamlaka ya kuingia kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, umpe uthibitisho wa meja mpya, naye atatoa I-20 mpya. Ofisi ina siku 21 za kuingiza mabadiliko baada ya kupata taarifa, lakini haiwezi kuingiza isichoambiwa, na idara ya msajili haimpigii DSO simu kwa niaba yako. Hifadhi I-20 zote, ya zamani na mpya. Usizitupe hata baada ya kumaliza.

Kubwa zaidi ni tarehe ya mwisho. Kama meja mpya itakuchukua zaidi ya tarehe iliyo kwenye I-20, lazima uombe kuongezewa muda kabla tarehe hiyo haijapita. Ikishapita, DSO hana la kukusaidia kwa njia hiyo. Kanuni inataka sababu ya kitaaluma au ya kiafya. Kubadili meja au mada ya utafiti imetajwa kuwa sababu inayokubalika, ugonjwa wenye vyeti pia. Kuwa kwenye onyo la kitaaluma au kusimamishwa masomo hakukubaliki. Utahitaji barua ya mshauri wa masomo inayosema kwa nini na hadi lini, pamoja na uthibitisho mpya wa fedha kwa muda ulioongezeka. Taarifa za benki kutoka Dar es Salaam au Nairobi huchukua muda kupatikana, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla.

Wakati wa kuhama, watu hutupa masomo ya meja ya zamani, yaani hujiondoa baada ya kusajili. Hapo ndipo hali ya F-1 huvunjika. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima awe na angalau krediti 12 kila semesta, na katika hizo somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, ndilo linalohesabiwa. Ukishuka chini ya 12 bila ruhusa ya DSO umeshavunja hadhi yako, hata kama mwalimu na mshauri wote walisema sawa. Ruhusa ya kupunguza mzigo kwa matatizo ya kitaaluma ipo (kuwekwa kwenye ngazi isiyokufaa ni mojawapo ya sababu), lakini ni mara moja kwa kila ngazi ya masomo, hushuki chini ya krediti 6, na lazima itolewe kabla hujatupa somo. Semesta ya mwisho ina unafuu: ukibakiwa na masomo mawili tu, DSO anaweza kuruhusu usome hayo mawili.

Fuatilia pia kanuni zenyewe. Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitangaza pendekezo la kuweka ukomo wa hadi miaka minne kwa wanafunzi wa F-1, kuzuia kubadili programu katika mwaka wa kwanza wa masomo, na kutomruhusu aliyemaliza ngazi moja kuanza programu nyingine ya ngazi ileile. Mpango wowote wa kubadili au wa shahada nyingine ya ngazi ileile uanze kwa kumwuliza DSO ni kanuni ipi inatumika siku hiyo unapouliza.

Fedha

Soma barua ya ufadhili wako upya. Baadhi ya fedha zimefungwa kwenye meja au kitivo, na zote zina idadi ya semesta. Ufadhili wa semesta nane hausikilizi kwamba ulibadili meja ukiwa ya tano. Angalia pia kama kitivo unachohamia kina ada ya ziada. Uhandisi na biashara katika vyuo vingi vya umma hutozwa juu ya ada ya kawaida.

Majimbo nayo yana sheria zake. Florida hutoza nyongeza ya asilimia 100 ya ada kwa krediti zinazovuka asilimia 120 ya shahada, yaani baada ya 144 kwa shahada ya 120, ingawa krediti zinazohitajika kwa meja ya pili unayosoma sambamba zimesamehewa. Texas, kwa vyuo vya umma, imeweka tangu 2007 ukomo wa masomo sita ya kutupa kwa maisha yako yote ya shahada ya kwanza. Mtu aliyebadili meja mara mbili huyamaliza bila kujua.

Kwa wenye grini kadi na wakimbizi waliopokelewa rasmi, wakiwemo ndugu wengi kutoka Kongo walioko Marekani, misaada ya serikali inayoombwa kwa fomu ya FAFSA ina masharti ya maendeleo. Kwa kawaida lazima ufaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizosajili, na umalize kabla ya kuvuka asilimia 150 ya urefu wa programu, ambayo ni krediti 180 kwa shahada ya 120. Somo lililotupwa baada ya wiki ya mabadiliko na kupewa W (alama ya kujiondoa) linahesabika kama ulilijaribu. Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji, ina ukomo wa semesta 12 za muda wote kwa maisha, na hukoma ukishapata shahada ya kwanza. Ukikatiwa msaada kwa sababu ulibadili meja, andika rufaa ukiambatanisha mpango wa masomo uliosainiwa na mshauri. Rufaa yenye mpango wa semesta kwa semesta husikilizwa kuliko barua ya kuomba huruma.

Meja mbili au shahada mbili

Hivi ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake ni krediti na pesa. Meja mbili ni shahada moja, cheti kimoja, na meja zote mbili zimeandikwa kwenye transkripti. Unaweza kuzimaliza ndani ya krediti 120 hadi 135 kama zinashirikiana masomo. Uchumi na hisabati huoana vizuri, kwa sababu kalkulasi na takwimu hutumika pande zote. Shahada mbili ni vyeti viwili, kwa mfano BA ya siasa na BS ya biolojia, na vyuo vingi hudai angalau krediti 30 za ziada juu ya zile za shahada moja: 150 kwa jumla. Krediti 30 ni mwaka mmoja. Ukilipa dola 1,000 kwa krediti, ni dola 30,000 za ada tu, kabla ya kodi ya nyumba na chakula.

Kabla ya kuchagua, uliza maswali mawili. La kwanza: masomo mangapi yanaruhusiwa kuhesabiwa mara mbili? Idara zingine huruhusu mawili tu, na hapo mpango mzima hubadilika. La pili: meja hizo ziko kitivo kimoja? Zikiwa vitivo tofauti, utabeba masomo ya jumla ya vitivo vyote viwili, na vyuo vingine havitakupa meja mbili kabisa, vitakulazimisha uchukue shahada mbili.

Mtazamo wetu ni huu: kwa mwanafunzi wa F-1 shahada ya pili ya ngazi ileile ni mara chache inalipa. Mwajiri anasoma meja, hahesabu vyeti. Kama ni ujuzi wa pembeni unautaka, fani ndogo (minor) ya krediti 15 hadi 21 inatosha. Kama ni cheti cha pili kweli, angalia programu ya pamoja ya miaka mitano, ambapo masomo kadhaa ya mwaka wa nne huhesabiwa pia kwenye shahada ya uzamili. Kwa mwaka huohuo wa tano unatoka na shahada ya ngazi ya juu. Isipokuwa uhasibu: majimbo mengi yamekuwa yakidai krediti 150 kwa leseni ya CPA (ya mhasibu aliyeidhinishwa), hivyo krediti za ziada zina kazi, ingawa baadhi yameanza kufungua njia nyingine kwa kutumia uzoefu wa kazi.

Sababu nyingine ya kuipendelea uzamili ni OPT, kile kibali cha kufanya kazi baada ya masomo. Unapata miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu. Shahada mbili za kwanza ni ngazi moja, miezi 12 basi. Uzamili unafungua 12 mingine. Nyongeza ya miezi 24 ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) hutegemea namba ya CIP ya meja yako, yaani msimbo wa serikali wa kuainisha fani, kama imo kwenye orodha ya serikali, na jina la meja halitoshi kukuambia. Uchumi wa jumla ni 45.0601 na haumo. Ekonometria na uchumi wa kiasi ni 45.0603 na umo. Vyuo viwili vinaweza kufundisha masomo yaleyale ya uchumi na kimoja kikawa na namba hii, kingine ile. Sayansi ya kompyuta (11.0701) imo, sayansi ya menejimenti (52.1301) imo. Uhasibu na uuguzi hazimo. Namba hiyo imechapwa kwenye I-20 chini ya sehemu ya programu, kaiangalie leo. Meja ya pili ya STEM inaweza kukusaidia ikiwa imeandikwa SEVIS na kazi inahusiana nayo moja kwa moja. Fani ndogo haikusaidii hata kidogo.

Ombi la OPT, fomu I-765, hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho wa programu hadi siku 60 baada yake. Hapa wenye shahada mbili hukwama: wakitimiza masharti ya shahada moja mapema na chuo kikaitunuku, programu kwenye SEVIS inaweza kufungwa wakati ya pili haijaisha. Omba kuhitimu zote mbili semesta moja, kwa fomu mbili kama chuo kinataka hivyo, na mwambie DSO mpango huo kabla ya kutuma yoyote.

Kama utarudi nyumbani

Tanzania, shahada ya nje hutathminiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na kwa kazi zenye bodi, kama uhandisi na uuguzi, bodi nayo hutazama ulichosoma. Kwa uhandisi hakikisha programu yenyewe ina ithibati ya ABET, chombo cha Marekani kinachothibitisha programu za uhandisi. Chuo kuwa na jina hakutoshi. Angalia hasa unapohama kutoka Uhandisi wa Mitambo kwenda Teknolojia ya Uhandisi wa Mitambo kwa kukimbia hesabu nzito. ABET huthibitisha programu hizo kwa tume mbili tofauti, na bodi za wahandisi Afrika Mashariki hazilazimiki kuziona kuwa kitu kimoja. Waandikie ERB (bodi ya Tanzania) au EBK (ya Kenya) kwanza, ukiambatanisha orodha ya masomo. Hifadhi pia muhtasari wa kila somo ulilofaulu, hata la meja uliyoiacha, kwenye faili la PDF lenye mwaka na msimbo wa somo. Ukurasa wa mwalimu hufungwa semesta ikiisha, na kuutafuta miaka mitatu baadaye ukiwa Mbeya au Kisumu ni usumbufu mtupu.